Mteremko Wangu Umezidi Vitabu Mara 19: Je, Fantomu Yangu ya Jelatini Ni Mbovu?

*"Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili, na kazi yangu ni kutengeneza nyama bandia ya kupimia mwanga, hizo mnazoziita fantomu. Nimechanganya jelatini, maziwa freshi ya mtaani na matone ya wino mweusi, nikakata vipande vya milimita 2, 4, 6, 8 na 10. Napitisha leza nyekundu ya nanomita 650 yenye nguvu ya miliwati 5. Upande wa pili kuna fotodayodi (kihisi kinachogeuza mwanga kuwa umeme), rezista ya kiloohm 1 na multimita. Bila kipande nasoma volti 0.49. Fotodayodi ikigusa kipande, nikichora logi asilia ya usomaji dhidi ya unene, napata mteremko wa 0.19 kwa milimita. Nikiirudisha nyuma sentimita 30, kipande cha milimita 2 kinachezesha tarakimu ya mwisho tu, na kuanzia milimita 4 ni sifuri. Makala nilizosoma zinasema ufyonzaji wa tishu kwa rangi hii ni kama 0.01 kwa milimita. Msimamizi wangu anasema jelatini ni mbovu, mwenzangu anasema leza inaiunguza, na mimi nafikiria kuhamia nyama ya ng'ombe ya buchani. Lengo ni fantomu ya kujaribia vifaa vya kupima oksijeni kidoleni kwenye ngozi nyeusi kama zetu. Namba ipi ni ya kweli, na nifanye nini?"*

Marahaba. Asante kwa kuandika namba zako zote, hata zile unazozitilia shaka, maana bila hizo ningekujibu kwa kubahatisha. Nikikuelewa vizuri, kinachokusumbua ni kwamba kipande kilekile kinatoa jibu moja fotodayodi ikiwa karibu na jibu jingine ikiwa mbali, na hakuna linalofanana na la kwenye makala. Umeshaanza kumtafuta mkosaji: jelatini, leza au wewe mwenyewe. Kwa usomaji ulioniletea sioni sababu ya kuihukumu jelatini. Tatizo kubwa ni kwamba umepima kitu kimoja ukakipa jina la kitu kingine.

Mwanga ukiingia kwenye tishu, au kwenye fantomu yako, unakutwa na mambo mawili. Baadhi ya fotoni, yaani chembe za mwanga, hufyonzwa: zinapotea na nishati yake inageuka joto. Nyingine hutawanywa, yaani zinagonga tone la mafuta au chembe ya protini, zinabadili mwelekeo na kuendelea na safari zikiwa nzima. Mtu aliyeendesha gari kwenye ukungu wa asubuhi kule Lushoto ameyaona haya. Taa za gari linalokuja hazionekani, lakini ukungu haujazimeza. Mwanga wake umesambaa kila upande, ndiyo maana mbele yako pote ni peupe. Maziwa ni meupe kwa sababu hiyohiyo. Fantomu yako, kwa nanomita 650, ni ukungu mzito sana wenye wino kidogo.

Tuweke namba. Kwenye tishu laini nyingi, kwa mwanga mwekundu, kizigeu cha ufyonzaji kiko karibu na 0.01 kwa milimita, kama ulivyosoma. Maana yake ni kwamba fotoni ingesafiri wastani wa milimita 100 kabla ya kufyonzwa. Kizigeu cha mtawanyiko kiko karibu na 10 kwa milimita, kwa hiyo fotoni hiyohiyo inageuzwa kila baada ya sehemu ya kumi ya milimita. Hugeuzwa kidogokidogo, kwani migongano mingi inaisukuma mbele tu, ikiwa imepinda kiasi. Ndiyo maana wataalamu hutumia mtawanyiko uliopunguzwa: mtawanyiko wenyewe ukizidishwa kwa 1 kutoa *g*, ambapo *g* ni wastani wa jinsi mwanga unavyoelekea mbele. Kwa tishu *g* huwa karibu 0.9, hivyo ile 10 inabaki kama 1 kwa milimita. Kwa maneno mengine, baada ya takriban milimita moja fotoni imekwisha kusahau ilikotoka. Kwenye kipande chako cha milimita 10, fotoni chache mno zimesafiri milimita 10 tu. Zilizofika fotodayodi zimetembea mara kadhaa ya umbali huo, zikizunguka.

Sasa rudi kwenye ile kanuni uliyoitumia ya logi asilia dhidi ya unene. Bouguer aliieleza mwaka 1729, Lambert akaiandika kwa hesabu mwaka 1760, na Beer akaiunganisha na ukolezi wa myeyuko mwaka 1852. Ni kanuni nzuri, ila ina sharti: mwanga uende moja kwa moja, na fotoni ikishaondoka kwenye mstari isihesabiwe tena. Fotodayodi yako inayogusa kipande inavunja sharti hilo kila sekunde, kwa sababu inapokea fotoni zilizozunguka na kurudi. Mstari wako umenyooka kiasi, na hilo ndilo lililokudanganya, kwani hata mwanga uliotawanyika hupungua kwa namna inayofanana na mstari kwenye grafu ya logi. Mteremko wake, hata hivyo, hauwi ufyonzaji. Unakuwa kile tunachokiita udhoofishaji halisi, ambao ni kipeuo cha pili cha 3 × ufyonzaji × (ufyonzaji + mtawanyiko uliopunguzwa).

Jaribu kwa namba za tishu. Ufyonzaji 0.01 na mtawanyiko uliopunguzwa 1 vinatoa 3 × 0.01 × 1.01 = 0.0303, na kipeuo chake ni 0.174 kwa milimita. Unaona? Tishu yenye ufyonzaji wa 0.01 ingekupa mteremko wa 0.17, mara 17 zaidi, bila kosa lolote la vipimo. Tugeuze hesabu kwako. Mteremko wa 0.19 ukiupandisha kwenye kipeo cha pili ni 0.0361. Ukichukulia mtawanyiko uliopunguzwa wa 1.2, ufyonzaji wako unatoka 0.0099, namba ileile uliyoisoma kwenye makala.

Usishangilie bado. Hiyo 1.2 nimeichagua mimi, wewe hujaipima. Ningechagua 0.6, ambayo ni kiasi cha kawaida kabisa kwa maziwa yaliyopunguzwa na maji, ufyonzaji ungetoka 0.019, karibu mara mbili. Una mlinganyo mmoja wenye visivyojulikana viwili, na hakuna ujanja wa kompyuta utakaoutatua huo mlinganyo mmoja peke yake. Isitoshe, kanuni ya udhoofishaji halisi hukaa sawa pale kipande kinapokuwa kinene kuliko hivyo vyako. Kwenye milimita 2 hadi 4 mwanga bado haujatawanyika vya kutosha. Tena unasambaa pembeni kadiri unene unavyoongezeka, nayo fotodayodi ndogo inakosa sehemu yake. Yote hayo huongeza mteremko, kwa hiyo hiyo 0.19 ichukulie kuwa mpaka wa juu.

Ule usomaji wa sentimita 30 nao una maelezo yake. Ukiirudisha fotodayodi nyuma, mwanga uliotawanyika unaenda kila upande na unaofika kwake ni kiduchu. Unabaki na zile fotoni zilizonyooka ambazo hazikugonga kitu, na hapo Bouguer anarudi kuwa sahihi. Lakini sasa kinachopimwa ni ufyonzaji *pamoja na* mtawanyiko wote. Tuseme jumla yake kwenye mchanganyiko wako ni 5 kwa milimita. Kwa kipande cha milimita 2, inapita fotoni moja kati ya 22,000. Leza yako ya miliwati 5 kwenye fotodayodi ya silikoni hutoa kama miliampea 2, na kwenye kiloohm 1 hizo ni volti 2. Gawa kwa 22,000 upate milivolti 0.09. Tarakimu ya mwisho ya multimita yako! Kwa milimita 4 unagawa tena kwa 22,000, na hapo hakuna multimita ya dukani itakayokusaidia. Kwa hiyo ile sifuri ni jibu la kweli kabisa. Anayetaka kupima kwa njia hiyo hupunguza mchanganyiko kwa maji mara mia hivi, akauweka kwenye kuveti (kichupa angavu cha kupimia) ya milimita 10, kisha akazidisha matokeo kurudi kwenye ukolezi wa awali.

Hapo juu nimesema volti 2, wewe umesoma 0.49. Hili ndilo kosa moja la kweli nililoliona kwenye vipimo vyako, na sijui kwa nini mafunzo ya maabara huliruka. Fotodayodi isiyo na betri ya kuisukuma haiwezi kutoa zaidi ya takriban nusu volti hata uimulike kwa jua la Dodoma la saa saba mchana. Ikikaribia hapo hujaa, na usomaji unaacha kufuata mwanga. Usomaji wako wa "bila kipande" kwa hiyo umebanwa, uko chini ya ukweli kama mara 4. Mteremko haujaathirika mradi usomaji wa vipande vyenyewe uko chini sana ya kikomo hicho, kwa kuwa unalinganisha kipande na kipande, lakini mstari wako ukiurefusha hadi unene sifuri hautakutana na ile 0.49, na kila hesabu uliyofanya kwa kugawa na namba hiyo itupe. Weka kila usomaji chini ya volti 0.1. Mwanga ukiwa mwingi, punguza rezista au weka kichujio cha kijivu mbele ya leza, halafu ukipime hicho kichujio peke yake. Na kabla ya kila usomaji ziba leza kwa kadibodi, soma kilichobaki, ukitoe kwenye usomaji wako. Taa ya chumba inaingia hata pale unapodhani kuna giza.

Kuhusu leza kuunguza: mwambie mwenzako apige hesabu. Miliwati 5 kwa dakika tano ni jouli 1.5. Hata zote zingefyonzwa ndani ya sentimita moja ya ujazo, na hazifyonzwi zote, joto lisingepanda hata nusu ya nyuzi moja. Ukiona usomaji unabadilika dakika za mwanzo, kisababishi cha kwanza cha kushuku ni leza yenyewe, kwani leza za bei nafuu huyumba zinapopata moto na hufifia betri ikichoka. Iwashe robo saa kabla ya kuanza, na iendeshwe na umeme uliodhibitiwa, si betri.

Maziwa ndiyo yanayonipa wasiwasi kuliko jelatini. Maziwa freshi ya mtaani leo yana mafuta kiasi hiki, kesho kiasi kile, na matone yake ya mafuta ni makubwa, hivyo hupanda juu. Jelatini hukawia kuganda. Wakati wewe umeenda kula, malai inapanda polepole ndani ya sufuria. Kata kipande chako kimoja kwa wima ukitazame dirishani: nina hakika upande wa juu ni mweupe zaidi na wino umelala chini. Kipande chenye tabaka hizo kitatoa namba moja leza ikiingilia juu na nyingine ikiingilia chini, na hicho ni kipimo cha bure cha ubora wa kazi yako. Tumia maziwa ya pakiti yaliyopitishwa kiwandani kwenye mashine ya kupasua mafuta. Ukiweza kupata Intralipid, ile dawa nyeupe ya lishe ya mishipani yenye mafuta ya soya, ni bora zaidi. Ina sifa zilizopimwa na kuchapishwa tangu miaka ya 1990, na myeyuko wenye asilimia 1 ya mafuta una mtawanyiko uliopunguzwa wa takriban 1 hadi 1.3 kwa milimita kwa mwanga mwekundu. Chupa iliyopita tarehe, ambayo haiwezi tena kupewa mgonjwa, mara nyingi famasia ya hospitali iko tayari kuitoa kwa kazi ya maabara. Uliza kwa barua rasmi.

Upikaji nao una ustadi wake. Loweka jelatini kwenye maji baridi kwanza, ipashe hadi iyeyuke bila kuchemka, kisha tia maziwa na wino. Endelea kukoroga taratibu, bila kuingiza povu, huku chombo kikipoa kwenye beseni la maji. Subiri ianze kuwa nzito kama uji mwepesi, ndipo umimine. Ikimiminwa ikiwa nzito namna hiyo, mafuta hayapati nafasi ya kupanda. Usimimine kwenye sahani na kukata kwa kisu, kwa sababu kipande laini ukikibana kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, unapima nguvu ya kidole chako. Mimina kati ya vioo viwili vya hadubini (slaidi) vilivyotenganishwa na vipande vya plastiki vya unene unaojulikana. Tengeneza na kingine cha jelatini tupu kwa fremu ileile, na huo ndio uwe usomaji wako wa kuanzia, maana kila uso wa kioo unaokutana na hewa hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga, na ukitumia fremu ileile hasara hizo zinafutana. Funga kwa plastiki visikauke, viweke kwenye friji, vitumie ndani ya siku chache. Ukungu wa kijani ukiota, fantomu imekufa.

Sasa njia ya kutenganisha hivyo visivyojulikana viwili kwa vifaa ulivyo navyo, au karibu navyo. Achana na vipande kwa muda. Chukua ndoo nyeusi, weka lita tatu au nne za mchanganyiko wa maziwa na maji bila jelatini. Zamisha ncha mbili za faiba ya plastiki ya milimita 1, moja inaleta leza na nyingine inapeleka mwanga kwenye fotodayodi. Ncha zote ziwe kwenye kina kimoja, na angalau sentimita 5 kutoka kila ukuta, sakafu na uso wa maji. Hapa mwanga ni mdogo, kwa hiyo rezista ya kiloohm 100 itafaa. Soma kuanzia umbali wa milimita 10 hadi 25, kwa hatua za milimita moja au mbili. Kabla ya kuchukua logi, zidisha kila usomaji kwa umbali wake. Hatua hii wengi huisahau, na bila hiyo mteremko hutoka mkubwa kuliko ukweli, kwa sababu mwanga hupungua pia kwa kusambaa kwenye nafasi. Mteremko utakaopata ni udhoofishaji halisi, safari hii bila mashaka ya kingo wala unene.

Kisha ongeza wino na urudie. Usihesabu matone, hakuna matone mawili yaliyo sawa. Punguza wino kwa maji mara mia moja, tikisa sana kwa kuwa wino hutuama, upime kwa sirinji. Peleka sehemu ya wino huo uliopunguzwa, bila maziwa, kwenye spektrofotomita ya idara ya kemia, mashine inayopima mwanga unaopita kwa kila rangi, ukapate ufyonzaji wake kwa nanomita 650. Kwenye maji safi Bouguer na wenzake wako nyumbani, ingawa wino nao hutawanya kidogo na hilo ulitaje kwenye tasnifu. Sasa unajua kila mililita imeongeza ufyonzaji kiasi gani. Chora kipeo cha pili cha udhoofishaji dhidi ya ufyonzaji ulioongezwa. Mstari utanyooka, na mteremko wake ni takriban mara 3 ya mtawanyiko uliopunguzwa. Pale mstari unapokata mhimili wa mlalo upande wa hasi, ndipo ulipo ufyonzaji wa mchanganyiko wako kabla ya wino. Kwa mfano, ukianza na 0.036 kisha, baada ya kuongeza ufyonzaji wa 0.01, ukapata 0.073, mteremko ni 3.7 na mtawanyiko uliopunguzwa ni kama 1.2. Hapo ndipo utakapokuwa na haki ya kuitumia ile 1.2 niliyoiazima mwanzoni.

Njia za gharama zipo. Tufe la kukusanya mwanga, lililopakwa rangi nyeupe ndani, hupima kwa pamoja mwanga uliopita na uliorudi kwenye kipande chembamba, kisha programu inatafuta jozi ya namba inayotoa majibu hayo. Kipimo hicho ni sahihi, ila mwanga unaovuja kwenye kingo za kipande hukipotosha kimyakimya: programu inauhesabu kuwa umefyonzwa. Kabla ya kusema chuo hakina tufe, uliza idara za nguo, rangi na plastiki, maana wanaopima rangi ya bidhaa mara nyingi wanalo. Upande wa hesabu, programu ya Monte Carlo ya Lihong Wang na Steven Jacques, inayoiga safari za fotoni moja moja kwa bahati nasibu, iliyochapishwa 1995, inapatikana bure na kompyuta yako ndogo inaiweza. Weka humo namba ulizozipata kwenye ndoo, uiambie unene wa vipande vyako, uone kama itatoa usomaji ulioupata fotodayodi ikigusa kipande. Ikikubaliana nawe, utasimama mbele ya watahini bila wasiwasi.

Nyama ya buchani usihamie. Nyuzi zake hutawanya mwanga tofauti kwa urefu na kwa upana, rangi yake hubadilika saa hadi saa kadiri inavyokaa hewani, na juu ya yote hakuna anayejua namba zake za kweli. Fantomu ina thamani kwa sababu wewe ndiye uliyeweka ukweli ndani yake. Ukishajiamini, nyama iwe jaribio la mwisho.

Nimefika kwenye lengo lako, na hapa nitakuwa mkweli zaidi. Swali lako ni la maana. Mwaka 2020, Sjoding na wenzake walichapisha katika *New England Journal of Medicine* matokeo ya wagonjwa wa Marekani ambao kifaa cha kidoleni kiliwaonyesha oksijeni ya asilimia 92 hadi 96. Damu ilipopimwa, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi vilikuwa chini ya 88, dhidi ya asilimia 3.6 ya vipimo vya Weupe. Lakini fantomu yako ya sasa haiwezi kuligusa suala hilo, kwa sababu tatu.

Umechanganya wino kwenye kipande kizima, ilhali melanini, ile rangi asili ya ngozi, hukaa kwenye tabaka la juu la ngozi, ambalo sehemu nyingi za mwili lina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Ulichotengeneza kinaiga nyama yenye damu nyingi zaidi, hakiigi ngozi nyeusi. Tabaka hilo litandaze peke yake juu ya kioo: bandika selotepu safu mbili kila upande ziwe reli, mimina katikati, pitisha wembe juu ya reli. Kingine, vifaa hivyo hutumia nanomita 660 na 940, na melanini hufyonza zaidi kwenye 660. Wino mweusi hautofautishi sana mawimbi hayo mawili, hivyo ungeweza kuficha upendeleo uleule unaoutafuta. Melanini halisi inauzwa na wauzaji wa kemikali, na nyingi hutolewa kwenye wino wa ngisi. Aliye pwani anaweza kumpata ngisi sokoni asubuhi, ila kusafisha wino wake kunahitaji sentrifuji na pua ngumu. Jambo la tatu ni kubwa zaidi: kifaa cha kidoleni husoma ile sehemu ya mwanga inayopigapiga na mapigo ya damu. Mbele ya jelatini iliyotulia hakitasoma chochote, au kitasoma upuuzi. Kukiiga kidole kunahitaji mirija na pampu, ambayo ni kazi nyingine kabisa. Ningekushauri upunguze kichwa cha tasnifu: pima ni kiasi gani tabaka la melanini linabadilisha mwanga unaopita kwa 660 na kwa 940, kwa viwango kadhaa vya melanini. Ni swali linalojibika, na jibu lake linahitajika.

Yapo mambo ya kutoyafanya peke yako. Miliwati 5 ya kweli haitakudhuru ukiepuka kuitazama, lakini lebo za leza za bei nafuu si za kuaminika, na leza za kijani ni mbaya zaidi. Mwaka 2010 wapimaji wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, walikuta kalamu moja ya leza ya kijani ikivujisha takriban miliwati 20 za mwanga usioonekana. Vua saa na pete, zuia mwale kwa kadibodi nyeusi nyuma ya kipande, na kabla hujahamia leza yenye nguvu zaidi, tafuta mtu aliyefundishwa usalama wa leza akague meza yako akiwa hapohapo. Ile asilimia 4 inayorudi kwenye kioo, kwa leza ya miliwati 500, ni miliwati 20 zinazoelekea usikokujua. Ukiona doa jeusi au ukungu unaobaki machoni baada ya kupigwa na mwale, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Ukitaka kuimarisha jelatini kwa fomalini, fanya kwenye kabati la kuvuta hewa chini ya fundi wa maabara, kamwe si jikoni hosteli. Na usiweke kidole cha rafiki yako kwenye mwale ili "ulinganishe tu" kabla kamati ya maadili ya chuo haijakupa kibali cha maandishi.

Kwa msimamizi wako, usiende na hoja kwamba jelatini ni nzuri. Nenda na kipande kilichokatwa kwa wima, na usomaji wa leza ikiingia juu na ikiingia chini. Kama namba hizo mbili zinatofautiana, yeye naye ana haki sehemu yake. Na kwenye jedwali lako futa neno "ufyonzaji" juu ya ile 0.19, andika "mteremko wa udhoofishaji, fotodayodi ikigusa, vipande vya milimita 2 hadi 10".